Ua Lisilolipa

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 27:1–29, Ayubu 13:7–10, Mithali 20:14–17, Mambo ya Walawi 19:11–14, Hesabu 5:5–8, Luka 19:1–10, Warumi 8:19–22.

Sabato moja mwaka uliopita darasa letu lilikuwa likijifunza juu ya kazi za Mungu katika uumbaji, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Nilikuja na mfano niliouandaa tangu Jumatano. Ulihusu okidi moja ya Madagaska, ua jeupe kama nta, lenye mrija nyuma yake unaofikia karibu sentimita 30. Mbochi, yaani yale maji matamu wanayoyafuata nyuki na vipepeo, iko chini kabisa ya mrija huo. Mwaka 1862 Charles Darwin alipelekewa maua hayo kule Uingereza. Alipoupima mrija akasema kwamba lazima Madagaska yuko nondo mwenye ulimi mrefu wa kufika kule chini. Baadhi ya wataalamu wa wadudu walimcheka. Mwaka 1903, miaka 21 baada ya Darwin kufa, Walter Rothschild na Karl Jordan walimwandika nondo huyo katika vitabu, na ulimi wake ni wa ajabu kama ulivyotabiriwa.

Sikuona haya kumtaja Darwin mbele ya darasa la Waadventista. Jambo likiwa kweli, ni kweli, hata aliyelisema akiwa mtu ambaye hatukubaliani naye katika mengine. Nilikusudia kuonyesha kwamba kila mlango una ufunguo wake. Darasa lingeitikia Amina, kengele ingelia, tungeingia ibadani.

Lakini binti mmoja wa kidato cha sita aliinua mkono. “Mwalimu, samahani. Sisi tumesoma kwamba okidi nyingi hazina kitu ndani. Zinamwita mdudu, anabeba mzigo wao, na anaondoka mikono mitupu. Kama Mungu aliumba kila kitu kikiwa chema, nani aliyelifundisha ua kudanganya?”

Kabla sijafungua kinywa, ndugu mmoja aliyeketi karibu na dirisha alicheka. “Umeona, mwanangu? Hata maua yanachanganya. Sembuse sisi wenye watoto wa kusomesha.”

Watu walicheka, na kilikuwa kicheko cha watu wanaojua. Ndugu yetu huyu huuza asali stendi ya Same, kwa abiria wa mabasi yanayopita kwenda Arusha na Dar es Salaam. Huinunua kwa warina wa kule tambarare, na kila mtu darasani alijua kwamba katika chupa zile nusu ni sukari iliyochemshwa. Hakuna aliyewahi kulisema. Kengele ikalia, nami nikafurahi kuisikia. Hiyo furaha ndiyo iliyonisumbua jioni ile, kuliko hata swali lenyewe.

Maisha juu ya tawi

Tuanze kwa kuitendea haki mimea yenyewe. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kila kinachoota juu ya mti kinaunyonya mti. Iko mimea ya namna hiyo, lakini okidi si mojawapo. Yenyewe hulishika gome tu. Mizizi yake hunywa mvua, ukungu na umande, na chakula chake ni kile kidogo kinachotokana na majani yaliyooza katika pembe za matawi na vumbi linaloletwa na maji. Aina za okidi zilizokwisha kutambuliwa duniani ni karibu 28,000, na kama 7 katika kila 10 huishi juu ya miti. Ukipanda misitu ya Usambara au ya Upare wakati wa ukungu utaziona zimekaa juu ya matawi yenye kuvu la kijani, nyingine ndogo kiasi kwamba waweza kuzifunika kwa kiganja.

Ni maisha ya njaa. Mvua ikikatika saa chache tu, tawi limekauka. Tena ni maisha ya upweke, kwa maana jamaa wa aina yake wanaweza kuwa mti mmoja huku na mwingine ng'ambo ya bonde. Mahindi huutupia upepo chavua yake kwa sababu jirani yuko hatua mbili mbele. Okidi haiwezi kufanya hivyo. Chavua yake imefungwa katika vifurushi vidogo vyenye gundi, navyo hunata juu ya kichwa, mgongo au ulimi wa mdudu. Kifurushi kikifika kwenye ua la pili, tunda moja laweza kubeba mbegu laki kadhaa, na kwa baadhi ya aina zaidi ya milioni, nyepesi kama vumbi. Kikipotea, kimepotea chote. Kwa hiyo ua husubiri. Maua mengi hunyauka kwa siku moja au mbili, bali zipo okidi ambazo ua lake hukaa bichi kwa majuma kadhaa likimngoja mgeni mmoja. Akishakuja na kuacha chavua, ua huanza kufifia ndani ya siku chache. Nimewahi kuwaona watu wenye subira, lakini si ya namna hiyo.

Zipo zinazolipa, na zinalipa vizuri. Kenya zimechunguzwa okidi nyeupe zinazonukia usiku na kutembelewa na nondo wakubwa wenye ndimi ndefu. Watafiti walipopima mbochi ndani ya mirija walikuta kwamba katika baadhi ya maua utamu ni hafifu karibu na mlango, nao huzidi kadiri unavyoelekea nchani. Nondo akionja kidogo husukuma ulimi ndani zaidi, mpaka kichwa chake kigonge pale penye chavua. Ua hilo linalipa, ila mshahara wenyewe hutoka kazi ikikaribia kwisha. Mafundi wengi wangependa tajiri wa namna hiyo, maana angalau hutoka.

Ua lenye harufu ya uyoga

Yule binti alikuwa sahihi, hata hivyo. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi moja ya aina za okidi hazimpi mdudu kitu.

Katika misitu ya milimani ya Ecuador, kule Amerika ya Kusini, ziko okidi zinazoitwa Dracula, jina la Kilatini lenye maana ya joka dogo. (Nawaomba ndugu tusijenge fundisho juu ya jina.) Ua lake lina mdomo uliofanana na uyoga mdogo, pamoja na zile mbavu nyembamba za chini ya kofia ya uyoga, na linatoa harufu ya uyoga. Inzi wadogo ambao kwa kawaida hukusanyika juu ya uyoga huja kwenye ua. Watafiti walitengeneza maua bandia ya silikoni, wakabadilisha sehemu hii na ile, mengine wakayatia harufu na mengine wasiyatie. Waligundua kwamba sura na harufu ya ule mdomo vyote viwili vinafanya kazi ya kuwavuta inzi. Inzi hutua, hutembea, hutafuta. Uyoga haupo. Huondoka na kifurushi mgongoni.

Historia ya jambo hili ina kichekesho chake. Aliyekuwa wa kwanza kulieleza ni Mjerumani Christian Konrad Sprengel, mkuu wa shule katika mji wa Spandau. Mwaka 1787 aliona vinyweleo vidogo katika ua la kondeni. Kwa kuwa aliamini kwamba Muumbaji mwenye hekima hakuweka hata unywele mmoja bila sababu, alianza kukaa mbele ya maua siku nzima akitazama. Mwaka 1793 alitoa kitabu chake, na humo alisema kwamba yapo maua, zikiwamo okidi za nchi yake, yanayojifanya yana mbochi nayo hayana. Darwin, miaka karibu 70 baadaye, alikataa. Aliona ni vigumu kuamini udanganyifu mkubwa kiasi hicho, unaoendelea kizazi hata kizazi, wakati wadudu wana akili zao. Akadhani labda wanatoboa ngozi ya ndani ya mrija na kunyonya maji yaliyomo.

Muda umeonyesha kwamba Sprengel ndiye aliyeona sawasawa. Yaani mtu aliyetafuta mkono wa Muumbaji katika kila unywele ndiye aliyekubali kuandika kwamba ua linadanganya, na aliyekuja kuwa maarufu kwa kufundisha mambo mengine kabisa ndiye aliyelitetea ua. Sprengel hakuharakisha kulisafisha ua kwa ajili ya sifa ya Mungu. Aliandika alichokiona.

*Soma Ayubu 13:7–10. Ayubu anawalaumu rafiki zake kwa kosa gani? Je, umewahi kumtetea Mungu kwa maneno ambayo wewe mwenyewe hukuwa na hakika nayo?*

Maana nilipofika nyumbani jambo la kwanza nililotaka kufanya lilikuwa hilo hilo. Nilitaka kumwambia binti: “Hayo yamekuja baada ya dhambi,” na kufunga kitabu. Warumi 8 inasema kweli kwamba viumbe vyote vinaugua. Lakini Mwanzo 3 inapotaja yaliyoibadilika ardhi inataja miiba na michongoma, okidi haimo. Tena kuna jambo la kufikiriwa upande wa pili. Nyuki akikuta mbochi hukaa, akatembelea na maua jirani ya mmea ule ule, na chavua huishia nyumbani ilikotoka. Asipokuta kitu huondoka haraka na kwenda mbali. Hilo limejaribiwa kwa okidi moja ya Ulaya inayoota ardhini: walipotia maji ya sukari katika maua yake matupu, nyuki walikaa zaidi na chavua nyingi zaidi ikaishia kwenye mmea ule ule. Kwa mmea ambao jamaa yake yuko ng'ambo ya bonde, huenda mkono mtupu ndio unaomfikisha mjumbe mbali. Je, hiyo ni hekima ya mwanzo au ni jeraha la anguko? Andiko halikusema, nami sitaki kuwa miongoni mwa rafiki za Ayubu. Nilimwambia binti hivyo hivyo Sabato iliyofuata. Hakuridhika sana, na sikumlaumu.

Yakobo na ngozi za mbuzi

Ila ndugu wa asali alikuwa ameuliza swali jingine, ingawa kwa mzaha. Yeye hakutaka kujua Mungu alifanya nini. Alitaka kujua kama ua linampa ruhusa.

Linganisha ua lile la Ecuador na hema la Isaka. Mzee hana macho. Mwanawe anakuja na nguo za kaka yake zenye harufu ya shamba, na ngozi za mbuzi mikononi, na chakula chenye ladha ile mzee anayoipenda. Harufu, kugusa, kuonja: milango ya fahamu mitatu inadanganywa kwa mpigo, na mmoja tu, sikio, unabaki na shaka. Kwa nje, Yakobo amefanya alichofanya ua. Amejivika sura na harufu ya kitu ambacho sicho, akapokea ambacho hakikuandaliwa kwa ajili yake.

Sasa soma Mwanzo 27:12. Kabla ya kwenda, Yakobo anamwambia mama yake jambo linalomwogopesha: baba akinigusa ataniona mimi ni mdanganyifu. Amejiona tayari kwa macho ya baba yake. Amelijua jina la tendo kabla ya kulitenda, na bado anavaa ngozi. Katika fungu la 20 anafika hata kulitia jina la Mungu katika hadithi yake.

Ua halina fungu la 12. Halimjui inzi wala uyoga, na halikuwahi kusimama mlangoni likiogopa kugunduliwa. Inzi anapoteza nguvu zake, hilo ni kweli, na sipendi wanaosema kwamba hakuna aliyeumia. Lakini hasara si sawa na hatia. Mto ukifurika ukabeba mbuzi wangu, nimepata hasara, ila sina wa kumshtaki. Uongo unahitaji mtu anayeijua kweli, anayejua pia kwamba mwenzake anamwamini, na anayeitumia imani ile kama kamba ya kumvutia. Tunasema ua “linadanganya” kwa sababu lugha haina neno jingine la karibu, kama tunavyosema jua “linachoka” jioni. Aliyeketi dirishani hakuwa na haki ya kuliazima neno letu kwa ua na kisha kulirudisha likiwa limeoshwa.

Nilifikiri hapo nimemaliza. Nilikuwa na jibu zuri la kumpa. Kisha nikasoma habari za okidi ya Kuba, na jambo likawa zito kuliko nilivyotaka.

Mkate wa nani?

Kuba kuna okidi ndogo yenye maua ya njano inayoota juu ya vijiti vyembamba. Haina zawadi. Karibu yake huota mmea wa kutambaa, nao una maua ya njano yanayofanana na yale, lakini wenyewe hutoa mafuta ambayo nyuki jike wa aina fulani huyakusanya. Nyuki yule yule anayeyafuata mafuta hutua kwa makosa kwenye okidi na kubeba chavua yake. Waliochunguza walikuta kwamba okidi hufanikiwa zaidi pale mmea ule wa kweli ulipo.

Tazama maana yake. Ua tupu haliwezi kuishi kwa utupu wake. Linaishi kwa sababu jirani yake amelipa jana, na juzi, na mwaka jana, hata nyuki akajifunza kwamba njano ile ni ya kuaminika. Hata hivyo hupata kwa shida. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2005 kutokana na aina nyingi za okidi ilionyesha kwamba kwa zile zinazolipa, karibu maua 37 katika 100 huzaa tunda. Kwa zisizolipa ni karibu 21. Nyuki si mjinga. Akitua mara chache bila kupata kitu huanza kuliepuka ua. Ndiyo sababu wageni wengi wa maua matupu ni nyuki wachanga, waliotoka mzingani juzi, ambao bado hawajajua.

Sasa nenda stendi. Anayenunua chupa ile ni nani? Si mwenyeji. Mwenyeji anajua. Ni abiria aliyechungulia dirishani, mwanafunzi anayempelekea mama yake zawadi, mgeni ambaye basi lake linaondoka baada ya dakika kumi. Mambo ya Walawi 19:14 inakataza kumwekea kipofu kikwazo njiani, na mara nyingi tumeisoma tukifikiria fimbo nyeupe. Kipofu katika habari hii ni yeyote ambaye hana njia ya kujua, mbele ya mtu anayejua.

Na abiria yule, kwa nini ananunua? Kwa sababu kwa miaka mingi wazee wa tambarare wamepanda miti usiku wakiwa na moshi na kamba, wakang'atwa, wakashuka na asali halisi, hata jina la asali ya huku likawa jina jema barabarani. Muuzaji wetu hauzi sukari. Angeweka chupa ya sukari iliyochemshwa na kuiita hivyo, asingeuza hata moja. Anauza uaminifu wa wazee wale. Ameuchukua bila kuwauliza, na kila chupa inayofunguliwa Arusha na kuonjwa inapunguza kidogo kile ambacho si chake. Tumezoea kudhani kwamba mwongo humwibia anayemdanganya. Huyo naye huibiwa, ila hasara yake ni shilingi elfu kadhaa. Anayeibiwa zaidi ni mwaminifu mwenzake, ambaye kesho ataisimamisha asali yake halisi kando ya barabara na kuulizwa: “Hii si sukari?”

Mithali 20:17 inasema juu ya mkate wa uongo, jinsi ulivyo mtamu mwanzoni na jinsi kinywa kinavyojaa changarawe baadaye. Nimeisikia ikihubiriwa kana kwamba changarawe ni kwa mlaji peke yake. Mimi naona imeenea meza nzima.

Na hapa sina budi kusema la kwangu. Kila mwisho wa mwaka ndugu yule aliniletea chupa ya asali nyumbani, ile halisi, isiyotiwa kitu. “Ya mwalimu,” alisema. Miaka minne nimeipokea. Darasa zima lilijua habari za sukari, lakini mimi ndiye niliyekuwa nalipwa, na ndiyo maana kengele ilinifurahisha. Kama kuna mtu katika habari hii aliyeishi vizuri kando ya udanganyifu bila kuchafua mikono, ni mimi.

*Ni nani anayebeba gharama ya uongo mdogo katika kazi unayoifanya: risiti iliyoongezwa, mizani iliyoegemea, “nipo njiani” ya mtu ambaye bado anatafuta viatu? Mtaje kwa kazi yake, si kwa jina.*

Kumlipa usiyemjua

Nilikwenda kwake Jumanne. Niliogopa, maana yeye amenizidi umri, na kumwambia mtu mkubwa habari za namna hii kunataka maneno ya kuchagua. Nilianza na chupa zangu nne. Nadhani hilo ndilo lililomfanya anisikilize. Asingenivumilia kama ningeanza na zake.

Hakubisha. Alisema mwaka ule wa kwanza ilikuwa ada ya shule, na asali ilikuwa kidogo, na akasema ni mara moja tu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitayarishia jibu. “Zakayo alirudisha mara nne. Alikuwa na daftari, mtoza ushuru yule, alijua nani alimtoza nini. Mimi nitamrudishia nani? Mabasi yameondoka, mwalimu.”

Tulisoma pamoja Hesabu 5:5–8. Sheria ile inamtaka mkosaji aungame, arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano. Kisha inafikiria hali ngumu: aliyekosewa hayupo, wala hana jamaa wa karibu wa kupokea. Hata hapo deni halifutiki kwa sababu mdai hapatikani. Linapelekwa kwa Bwana, kwa mkono wa kuhani. Ndugu yangu alilisoma fungu lile mara mbili. Akasema angeweza kutoa kitu kanisani, kimya kimya, kwenye bahasha, na nilikaribia kumwambia ndiyo. Ingekuwa rahisi kwetu sote wawili.

Lakini nilikuwa bado na ua la Kuba kichwani. Nikamwambia kwamba abiria hatuwajui, ila waliokosewa zaidi tunawajua, na nyumba zao tunazijua. Bahasha haiwafikii.

Alinyamaza muda mrefu. Mkewe alileta chai, akatuangalia, akarudi ndani.

Jumapili iliyofuata tulishuka tambarare wawili, kwa pikipiki moja. Warina anaonunua kwao ni watatu. Wa kwanza alimsamehe haraka mno, kiasi kwamba nilihisi hakuelewa alichosamehe. Wa pili hakuwepo. Tulimkuta mwanawe, ikabidi turudi siku nyingine. Wa tatu ni mzee sana, mizinga yake ni ya magogo, na alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kofia.

“Nilijua,” alisema. “Tangu mwaka juzi mjukuu wangu anapeleka asali barabarani inarudi. Wanamwambia asali ya Same ni sukari. Nilidhani ni maneno ya watu wa mji.” Kisha akamuuliza ndugu yangu chupa ngapi. Ndugu yangu akataja hesabu. Ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, na nadhani ilikuwa ya kweli. Mzee alisema anamsamehe kwa sababu naye anahitaji kusamehewa, lakini asali hatamuuzia tena, na asimuulize kwa nini.

Malipo yalikubaliwa kwa awamu, na sehemu ya tano juu yake. Mimi nilileta thamani ya chupa nne. Sasa mjukuu wa mzee huuza mwenyewe stendi, hatua chache kutoka meza ya ndugu yetu, na wateja bado wanamuuliza kama si sukari. Ndugu yetu akisikia huwaambia: “Ile ni halisi. Hata hii yangu siku hizi ni halisi, lakini ile niliijua tangu zamani.” Wengine hununua, na wengine huangalia meza zote mbili, wakapanda basi.